Unataka Kusomea Ufundi wa Jukwaa? Ingia kwa Mlango wa Nyuma Kwanza

Umewahi kukaa kwenye ukumbi wa shule, igizo linaanza, taa zinazimika, halafu badala ya kumwangalia mhusika mkuu ukageuka nyuma kumtazama jamaa aliyezizima? Kama jibu ni ndiyo, karibu. Makala hii ni yako.

Kijana mmoja wa kidato cha tano ametuandikia. Anasema yeye ndiye anayefunga spika shuleni kwao, ndiye anayeitwa mahafali yakifika, na sasa anataka kusomea digrii ya ufundi wa jukwaa. Wenzake wanamcheka, eti anataka kwenda chuo kikuu kusomea kubeba waya. Baba yake hajacheka, ila ameuliza swali moja tu: "Hiyo nayo ni kazi?" Mwishoni kijana anatuuliza: chuo kipi ni kizuri?

Swali lako ni zuri, mdogo wangu, na tutalijibu. Ila wengi wanaouliza "chuo kipi" huishia kuchagua jina, au picha nzuri ya jengo. Mimi nilichagua jina. Nitakueleza lilinifikisha wapi.

KWANZA, NI KAZI GANI HII?

Mliosoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, au tamthiliya yoyote ile, mnakumbuka yale maelezo ya jukwaa ambayo wengi huyaruka ili wafike haraka kwenye maneno ya wahusika? Usiku umeingia. Sauti ya ngoma kwa mbali. Anaingia mtu amebeba mzigo. Basi mtu wa ufundi wa jukwaa ndiye asiyeyaruka. Kwake yeye hayo maelezo ndiyo tamthiliya. Usiku utaingiaje saa nane mchana? Ngoma ya mbali itasikikaje kama iko mbali, na mpigaji amesimama nyuma ya pazia hatua tatu tu?

Ndani yake kuna kazi nyingi. Kuna wa taa, wa sauti, wa mandhari (hawa ni maseremala na wachoraji kwa pamoja), wa maleba, na wa vifaa vya kushikwa na wahusika. Juu yao wote kuna msimamizi wa jukwaa. Huyu hukaa na nakala ya tamthiliya iliyojaa alama za kalamu, na kila taa inayobadilika hubadilika kwa sababu yeye amesema "sasa". Akikosea sekunde moja, mhusika anakufa gizani na hakuna anayemwona.

Na kazi haiishii kwenye tamthiliya. Kumbi za harusi, makanisa makubwa, studio za televisheni, mikutano, matamasha ya muziki kama Sauti za Busara lililoanza Zanzibar mwaka 2004, kote huko kuna mtu amesimama nyuma ya mitambo. Kwa hiyo baba akiuliza kama ni kazi, mpeleke kwenye harusi, mwambie asiangalie meza ya maharusi, aangalie kule nyuma penye spika.

KWA NINI JARIDA LA AFYA LINAANDIKA HABARI HII?

Nina digrii ya sanaa za maonyesho. Nilipomaliza nikaajiriwa na shirika linalofundisha vijana afya, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzunguka na kikundi cha maigizo katika shule na vijiji. Igizo letu lilihusu uzazi salama. Siku moja tulikuwa uwanja wa shule ya msingi, asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, nyasi bado mbichi. Tuliomba umeme ofisi ya mwalimu mkuu, tukavuta waya mrefu kupitia dirishani hadi uwanjani.

Dada aliyeigiza mama mjamzito alikuwa peku, maana mhusika wake hakuwa na viatu. Akashika kipaza sauti cha chuma. Akaganda. Mwili ukakakamaa, macho yakatoka, na watu mia tatu wakapiga makofi kwa nguvu wakidhani uchungu umeanza.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake. Sikufanya kitu. Kwa sekunde mbili tatu, pengine nne, nami nilidhani anaigiza vizuri kuliko siku zote. Aliyemwokoa ni mlinzi wa shule, mzee ambaye hajawahi kuingia chuo chochote. Alikimbilia dirishani akachomoa plagi. Yule dada akaanguka, akazinduka, tukamkimbiza zahanati. Alipona, ila mkono wake wa kulia ulikaa na ganzi hadi usiku.

Tulipokagua vyombo tukakuta plagi ya amplifaya imekatwa ule mguu mrefu, mguu wa waya wa ardhi ambao mafundi wanauita ethi, ili iingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili. Kazi ya waya huo ni kuupa umeme njia nyingine ya kupita pale chombo kinapoharibika. Ukiukata, njia inayobaki ni mtu mwenye kipaza sauti mkononi na miguu kwenye nyasi mbichi.

Aliyeukata mguu huo ni mimi, wiki mbili kabla. Nilifanya nilichokuwa nikikiona chuoni kwa miaka mitatu. Hakuna aliyewahi kuniambia ni kosa, na mtihani haukuuliza.

Sasa umeelewa kwa nini naandika. Chuo kibaya cha uchumi kitakupa mchumi mbaya. Chuo kibaya cha ufundi wa jukwaa kinaweza kukupa maiti.

(Na kwa kuwa uko hapa: ukimwona mtu amenaswa na umeme, usimshike. Kata umeme kwanza, zima swichi au chomoa plagi. Ikishindikana, simama pakavu, msukume kwa mti mkavu au kitu kingine kisichopitisha umeme. Kama hapumui, itisha msaada na anza kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha kama sentimeta 5 kwa mtu mzima, bila kuacha mpaka msaada ufike. Hata akiamka na kusema yuko fiti, mpelekeni hospitali, kwa sababu umeme unaweza kuvuruga mapigo ya moyo.)

MLANGO WA NYUMA

Vyuo vingi hukuonyesha mlango wa mbele. Viti vyekundu, jukwaa linang'aa, picha za wanafunzi wanacheka. Wewe omba kuingia kwa mlango wa nyuma, ule wa kuingizia mandhari. Kama chuo kiko mbali na nauli hakuna, andika barua au piga simu, uombe kuongea na mwanafunzi wa mwaka wa pili. Si mwalimu wala ofisa wa udahili. Mwaka wa kwanza bado anashangaa, na wa mwisho ana mawazo ya kutafuta kazi. Wa mwaka wa pili ndiye anayejua kinachoendelea, na bado ana hasira ya kukisema.

Muulize hivi: tangu ufike, umeshika mitambo ya taa kwa mikono yako mara ngapi katika onyesho la kweli, lenye watazamaji? Mimi ningeulizwa hivyo ningejibu mara nne kwa miaka mitatu. Tulikuwa wanafunzi zaidi ya thelathini na mtambo mmoja, na onyesho likiwa kubwa alikodiwa fundi kutoka nje kwa sababu wakubwa waliogopa tutaharibu. Tulifundishwa historia ya taa za jukwaa kwenye ubao. Niliandika insha nzuri sana kuhusu kivuli, nikapata alama ya juu.

Kwa hiyo hesabu inayokuhusu si ya vyombo, ni ya vyombo kwa idadi ya wanafunzi, na saa mnazoruhusiwa kuvigusa. Chuo chenye taa ishirini kuukuu zinazoshikwa na wanafunzi kila wiki kitakufaa kuliko chenye taa mia mbili mpya zilizofungiwa stoo na funguo iko kwa mtu aliyesafiri. Uliza pia kama chuo kina wanafunzi wa shahada ya pili. Ni jambo jema, lakini mara nyingi hao ndio hupewa kazi kubwa, na nyie wa digrii ya kwanza mnabaki kufagia jukwaa. Kufagia nako ni kazi, usidharau, ila si kwa miaka mitatu.

Ukishaingia kule nyuma, tumia macho. Ngazi imesimama vipi? Ngazi ya kuegemeza ukutani inatakiwa kitako chake kikae mbali na ukuta mita 1 kwa kila mita 4 za kimo, na mtu wa pili aishike chini. Wanaofunga taa juu wamefunga na ule mnyororo mfupi wa usalama, ili skrubu ikilegea taa ining'inie badala ya kumwangukia mtu kichwani? Kizima moto kipo, na tarehe ya ukaguzi haijapita? Milango ya dharura inafunguka, au imewekewa mbao za onyesho la mwaka jana?

Hilo la milango lina historia nzito. Tarehe 30 Desemba 1903, katika jiji la Chicago, Marekani, ukumbi wa Iroquois uliojaa akina mama na watoto waliokuwa likizo ulishika moto. Ukumbi ulikuwa na wiki tano tu tangu ufunguliwe, na ulikuwa umetangazwa kwamba hauwezi kuungua. Cheche za taa ya jukwaa ziliwasha pazia. Pazia la kuzuia moto liliposhushwa likakwama njiani. Milango mingine ilikuwa imefungwa, mingine ilikuwa na makomeo ambayo watu hawakujua kuyafungua. Walikufa watu 602. Sheria nyingi za milango ya dharura kwenye kumbi zilikazwa baada ya hapo.

Hapa kwetu, ukumbi wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo uliungua mwaka 2002, na ikabidi ujengwe mwingine. Kwa hiyo ukikuta mwalimu anayekupeleka kwenye mlango wa dharura kabla hajakupeleka kwenye mitambo, huyo mpende.

FIZIKIA HAIKWEPEKI

Wapo wanaokimbilia sanaa ili kuikimbia hesabu. Kwa fani hii mmepotea njia. Chukua taa ya wati 1000. Umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo taa hiyo inavuta kama ampea 4.3. Plagi ya kawaida ya fyuzi ya ampea 13 inabeba 230 mara 13, yaani wati 2990. Taa mbili, sawa. Ya tatu umeshavuka ukingo. Ya nne, waya unaanza kunuka. Hakuna hesabu hapo ya kumshinda mtu wa kidato cha pili, na bado majumba yanaungua kwa sababu hakuna aliyeifanya.

Masikio nayo yana hesabu yake. Wataalamu wa afya kazini wanachukua desibeli 85 kuwa kikomo cha kufanya kazi saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda salama unapungua nusu. Kwa desibeli 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2, na ukifika 100, jambo la kawaida kabisa mbele ya spika za tamasha, umebakiwa na dakika 15. Kinachopotea sikioni hakirudi. Mlio ule wa "nyiiii" unaousikia ukitoka kwenye muziki mkubwa ni sikio linalalamika. Mwulize mwalimu wa sauti wa chuo unachokitaka kama wanafunzi wake wanavaa vizibo vya masikio wakati wa mazoezi. Akicheka, nawe cheka, halafu endelea kutafuta.

SASA, VYUO VYENYEWE

Tuseme ukweli. Ukisema "digrii ya ufundi wa jukwaa" hapa Afrika Mashariki, usitegemee kukuta jina hilo mlangoni. Utakutana na digrii za sanaa za maonyesho kwa ujumla, ambamo ufundi ni baadhi ya masomo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza idara yake ya sanaa za maonyesho mwaka 1967, na baadaye ikaunganishwa na sanaa nyingine. Huko ndiko walikofundisha akina Ebrahim Hussein na Penina Muhando mnaowasoma darasani. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho hufundisha sanaa za maonyesho. Kwa majirani, Makerere kule Kampala na Kenyatta kule Kenya wana idara zenye sifa. Kote huko uliza swali moja la msingi: katika miaka yote mitatu au minne, masomo ya taa, sauti na mandhari ni mangapi, na ni ya lazima au ya kuchagua? Kama ni masomo mawili kati ya arobaini, basi hiyo ni digrii ya uigizaji iliyopakwa ufundi.

Halafu kuna Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, na mwaka 2007 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa kwa kifupi. Huko unaanza na astashahada na kupanda hadi stashahada, na mafunzo yake kwa miaka mingi yamekuwa ya vitendo: ngoma, muziki, uigizaji, na ufundi wa nyuma ya jukwaa. Wana ukumbi wao, na wana tamasha lao ambalo wanafunzi hulifanyia kazi. Tamasha moja lenye vikundi vingi, kila kimoja kinataka taa zake na sauti yake, na muda wa kubadilisha jukwaa ni dakika kumi, linafundisha kuliko muhula mzima wa ubao.

Najua unachofikiri. "Stashahada? Nimefika kidato cha tano ili nisome stashahada?" Dada yako naye alifikiri hivyo hivyo, na kiburi kile ndicho kilichonipeleka kwenye jina. Mtu mwenye stashahada yenye wastani mzuri, kwa kawaida kuanzia 3.0, anaweza kuomba digrii baadaye. Akiingia chuo kikuu akiwa tayari mikono yake inajua kazi, nadharia inamwingia kama maji. Wa kwanza kuitwa kazini katika kundi letu la maigizo hakuwa mwenye digrii. Alikuwa kijana wa stashahada aliyejua kutengeneza waya uliokatika gizani.

Ila kila mtu na hali yake. Mkopo wa serikali kwa mwanafunzi wa digrii hautolewi kwa taratibu zile zile kwa wa stashahada, na fani zinazopewa kipaumbele hutangazwa kila mwaka. Soma mwongozo wa Bodi ya Mikopo wa mwaka unaoomba, mwenyewe, kwa macho yako. Na kabla hujalipa hata shilingi ya fomu, hakikisha chuo kimesajiliwa: vyuo vikuu viko chini ya TCU, vya ufundi viko chini ya NACTVET. Mabango yenye picha za kamera na taa yamekula fedha za wazazi wengi.

NA NJE YA NCHI?

Huko ndiko digrii yenye jina hilo hilo inapatikana. Pretoria, Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Tshwane kina kozi ya teknolojia ya burudani, na kwa nauli ndicho kilicho karibu zaidi. London kuna shule za maigizo za zamani kama RADA, LAMDA na Guildhall, ambazo mbali na waigizaji hufundisha mafundi wa jukwaa kwa ngazi ya digrii, kwa kawaida miaka mitatu. Marekani ni miaka minne, na huko lazima ujue tofauti moja. Digrii iitwayo BA inakupa masomo mengi mchanganyiko, jukwaa likiwa sehemu. Ile iitwayo BFA ni ya kuzama: karibu theluthi mbili ya muda wako uko kwenye ufundi. Chuo kinachoitwa leo Carnegie Mellon, kule Pittsburgh, ndicho kilichoanza kutoa digrii ya maigizo Marekani, mwaka 1914.

Ada za huko kwa mwanafunzi wa kigeni ni mlima. Usiuze shamba la bibi kwa ajili yake. Lakini weka hili kichwani: shule ya maigizo ya Chuo Kikuu cha Yale, yenye idara ya usanifu na uzalishaji wa kiufundi, ilifuta ada kwa wanafunzi wake wote mwaka 2021 baada ya kupata msaada wa dola milioni 150. Shule hiyo zaidi ni ya waliokwisha kupata digrii ya kwanza. Kwa hiyo si ya mwakani, ila njia ya kuanzia Bagamoyo au Dar na kufika huko baadaye ipo.

Vyuo vya namna hii havitaki cheti peke yake. Vinataka jalada la kazi zako. Anza leo. Kila igizo la shule mnalofanya, chora ramani ya jukwaa, andika taa zilikuwa wapi, piga picha kabla na baada, na andika kilichoharibika. Hasa hicho. Mwalimu anayechagua wanafunzi anajifunza zaidi kwako kutokana na ukurasa unaoeleza jinsi pazia lilivyokwama na ulivyofanya, kuliko picha kumi za pazia lililofunguka vizuri.

DADA ZANGU, NJOONI KIDOGO

Kazi hii inafanyika usiku, gizani, kwenye vyumba vidogo, na mara nyingi mkubwa wako ni mwanaume mwenye funguo zote. Wapo walimu na mafundi waungwana, wengi tu. Wapo pia wanaoona mwanafunzi wa kike anayetaka kushika mitambo kuwa ni mtu wa kulipia nafasi hiyo kwa mwili. Hiyo inaitwa rushwa ya ngono, na hapa Tanzania ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. TAKUKURU wanapokea taarifa kwa simu ya bure 113.

Ukitembelea chuo, hesabu wasichana walio kwenye mitambo, si walio jukwaani. Kama hakuna hata mmoja, uliza kwa nini, na sikiliza jibu linavyotolewa. Uliza mazoezi yanaisha saa ngapi na wanafunzi wanarudije mabwenini. Ukiambiwa "ah, huwa wanajua wenyewe", hilo ni jibu la kutosha. Kaka zangu, nanyi ulizeni, kwa sababu atakayekuwa anashika ngazi yako ni huyo huyo dada.

TURUDI KWA KIJANA WETU

Nilimjibu hivi. Usichague chuo bado. Una likizo ya mwezi mmoja. Nenda kwa mtu anayeshika mitambo ya ukumbi au kanisa la karibu na kwenu, mwambie unataka kumsaidia bila malipo kwa Jumamosi nne. Hatakuruhusu kugusa mtambo, atakupa waya ukunje. Kunja. Waya wa kipaza sauti haukunjwi kwa kuuzungusha kwenye kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo. Ukifanya hivyo nyuzi za ndani zinajinyonga na baada ya miezi zinakatika. Unakunjwa kwa duara moja la juu na moja la chini, kwa zamu, ukifuata mkunjo wake wenyewe, na ukiurusha unafunguka bila fundo. Itakuchukua Jumamosi mbili mkono uzoee.

Baada ya hapo ndipo uende kuvitazama vyuo. Ukifika nyuma ya jukwaa, tafuta mwanafunzi anayekunja waya. Akiwa anauzungusha kwenye kiwiko, subiri kidogo, uone kama kuna mtu yeyote atakayemsahihisha.